Ovari Zimekua, Mbio Zisubiri: Uchambuzi wa Kisa cha Mkimbiaji Aliye Katika Matibabu ya IVF

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha kufundishia. Mwanamke anayeelezwa si mgonjwa mmoja mwenye faili katika kliniki fulani. Ameundwa kutokana na mambo yanayojitokeza mara kwa mara kwa wanawake waliozoea mazoezi makali na kisha wakaingia katika matibabu ya uzazi. Tafiti zinazotajwa ni za kweli. Yeye tutamwita mkimbiaji.

Ana umri wa miaka 33, ni mhasibu jijini Dar es Salaam, ana urefu wa sentimita 162 na uzito wa kilo 62. Ameolewa kwa miaka mitano na hajapata mtoto. Hedhi yake huja kila baada ya siku 45 hadi 60, na vipimo vilionyesha kwamba ana PCOS, yaani hali ambayo ovari huwa na vifuko vingi vidogo vya mayai visivyopevuka kwa wakati wake, na kwamba mirija yake yote miwili ya uzazi imeziba. Jambo hili la pili ndilo lililoondoa matumaini ya vidonge vya kupevusha mayai, kwa sababu yai lingepevuka na kukosa njia, na kumbakizia IVF, yaani kuvuna mayai, kuyarutubisha kwa mbegu za mume maabara, kisha kukihamishia kiinitete, yai lililorutubishwa na kuanza kukua, katika mji wa mimba.

Mkimbiaji ni mwanachama wa klabu ya joging. Kwa wiki hukimbia zaidi ya saa tano, na Jumamosi alfajiri kundi lao huvuka Daraja la Tanzanite kuelekea Masaki kabla jua la Februari halijaanza kuchoma. Alikuwa amekwisha kulipia nusu marathoni ya mbio za Kilimanjaro, zinazofanyika Moshi kila mwaka mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, ambazo njia yake hupanda mlima kuelekea Mweka na kuwachosha hata waliojiandaa. Ratiba ya sindano ilipotoka, Jumapili ya mbio iliangukia siku ya kumi ya sindano.

Swali alilompelekea daktari lilikuwa fupi: "Daktari, naruhusiwa kukimbia au siruhusiwi?" Wengi huuliza hivyo, na wengi hupewa jibu la neno moja, ama "pumzika" ama "endelea tu". Majibu yote mawili yana kasoro ileile, kwamba yanaichukulia tiba hii kama kipindi kimoja. IVF ina vipindi kadhaa ambavyo mwili wa mwanamke hubadilika kati yake kiasi kwamba zoezi lililokuwa salama Jumatatu linaweza kuwa hatari Jumamosi ya wiki ileile, na kinachobadilika zaidi ni ukubwa wa ovari. Mwanamke anayejua ovari zake zina sentimita ngapi wiki hii tayari ana sehemu kubwa ya jibu lake.

Kabla ya sindano

Hiki ndicho kipindi chenye uhuru mkubwa, na ndicho ambacho wengi hukipoteza kwa hofu. Ovari iliyotulia ina urefu wa sentimita tatu hivi, imejificha ndani ya nyonga, na mwanamke mwenye afya hana sababu ya kimwili ya kuogopa kukimbia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mwanamke anayesubiri tiba hajatolewa katika pendekezo hilo. Mazoezi ya wastani ni yale ambayo mtu anaweza kuzungumza akiyafanya, ila hawezi kuimba.

Kinachojadiliwa ni kiasi. Mwaka 2006 watafiti wa eneo la Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya wanawake 2,232 waliokuwa wakianza IVF. Wale waliosema kwamba walikuwa wamefanya mazoezi kwa saa nne au zaidi kila wiki, kwa muda wa mwaka mmoja hadi tisa, walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 40 wa kujifungua mtoto hai kuliko wasiofanya mazoezi kwa desturi. Takwimu hiyo huzungushwa sana na kuwatisha wanawake, nami naona inapewa uzito kuliko inavyostahili. Wanawake walijieleza wenyewe, hawakugawanywa kwa kura, na hatujui nani kati yao alikuwa akijinyima chakula ili kulinda uzito wake wa mbio. Uchambuzi uliofanywa baadaye kwa kuunganisha tafiti kadhaa ulionyesha kinyume chake, kwamba wanawake wenye desturi ya mazoezi kabla ya kuanza tiba walipata mimba zaidi.

Utafiti wa Denmark wa mwaka 2012 ndio ninaoona unamhusu mkimbiaji kwa karibu, ingawa ulihusu wanawake waliokuwa wakitafuta mimba kwa njia ya kawaida. Uliwafuatilia wanawake zaidi ya 3,600. Mazoezi ya wastani yaliendana na kushika mimba mapema zaidi kwa wanawake wa uzito wowote, ilhali mazoezi makali ya saa tano au zaidi kwa wiki yaliendana na kuchelewa kushika mimba, lakini kwa wanawake wasio wanene tu. Wenye uzito uliozidi hawakuonyesha hasara hiyo. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba mwili unaotumia nguvu nyingi kuliko chakula unachopokea hupunguza amri zinazotoka kwenye ubongo kwenda kwenye ovari, na mwanamke mwembamba hana akiba ya kufidia. Mkimbiaji, ambaye uzito wake ni wa kawaida kabisa kwa kimo chake, alikuwa anakimbia zaidi ya saa tano na kwenda kazini akiwa amekunywa chai ya rangi. Daktari alimwomba apunguze mbio hadi saa tatu kwa wiki, aongeze mazoezi mepesi ya nguvu, na ale kifungua kinywa chenye mayai na viazi kabla ya kuingia ofisini. Kwa maoni yangu, agizo hilo la chakula lilikuwa na faida kuliko lile la mbio.

Kama mkimbiaji angekuwa na kilo 95, mazungumzo yangekuwa mengine. Kwa mwenye PCOS na uzito mkubwa, kupungua hata asilimia tano ya uzito kunaweza kurudisha upevukaji wa mayai. Hata hivyo, jaribio kubwa la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba kuwaahirishia tiba wanawake wanene kwa miezi sita ili wafuate programu ya kupunguza uzito hakukuongeza idadi ya waliojifungua salama ikilinganishwa na walioanza tiba moja kwa moja. Kumwambia mwanamke wa miaka 38 kwamba hatatibiwa mpaka apungue kilo kumi ni kumlipisha kwa miaka ambayo ovari zake hazina.

Mume naye aliingia katika kisa hiki kwa mlango ambao hakuna aliyeutarajia. Ni mtu wa jimu. Kipimo cha mbegu kilipoonyesha idadi ndogo sana, alisisitiza kwamba yeye ni mzima, hanywi pombe, havuti sigara, na hunyanyua vyuma mara tano kwa wiki. Ilichukua maswali kadhaa ya upole, mkewe akiwa nje ya chumba, kabla hajasema kwamba kuna jamaa pale jimu humchoma sindano za kukuza misuli. Sindano hizo zilikuwa testosteroni. Mwanamume anapopewa homoni hiyo kutoka nje, ubongo huona kiasi kinatosha na kuacha kuziamuru korodani zifanye kazi, hivyo misuli inajaa na mbegu zinakwisha. Mbegu moja huhitaji siku 74 hivi kutengenezwa, na baada ya sindano kusimamishwa, kurudi kwa uzalishaji huchukua miezi, kwa wengine zaidi ya mwaka. Matibabu ya wanandoa hawa yaliahirishwa mpaka kipimo kiliporidhisha. Mara nyingi mashauri ya mazoezi hutolewa kwa mke peke yake, naye mume akiwa ameketi kando akisubiri kuitwa kulipa.

Siku za sindano

Katika mzunguko wa kawaida ovari hukuza yai moja. Sindano za kukuza mayai huzilazimisha zikuze mengi kwa pamoja, kwa siku nane hadi kumi na nne, na kila yai hukua ndani ya kifuko cha maji kinachofikia milimita 17 au 18 kabla ya kuvunwa. Mwenye PCOS huitikia dawa kwa nguvu. Jumatano ya siku ya sita, altrasaundi ya mkimbiaji ilionyesha vifuko 22, ovari ya kulia ikiwa na urefu wa sentimita saba na ya kushoto sita na nusu.

Ovari haijaegemea kitu. Imeshikiliwa na kano mbili, na mishipa mikuu inayoilisha damu hupita ndani ya kano mojawapo. Ovari iliyojaa vifuko huwa kama embe bivu kwenye kikonyo chembamba, kwamba mtikisiko ambao usingelisumbua likiwa changa sasa unatosha kulizungusha. Ikijisokota, kano hujinyonga pamoja na mishipa yake, damu inakatika, na ovari huanza kufa. Upande wa kulia hupatwa zaidi kuliko wa kushoto, kwa sababu kushoto utumbo mpana huibana nafasi na kuizuia ovari isicheze.

Tukio hili ni la nadra, na lazima lisemwe hivyo kwa kuwa wanawake wengi sana humaliza IVF bila kulipata. Lakini likitokea ni dharura ya upasuaji, na mwenendo unaolisababisha unaeleweka: kuruka, kugeuka ghafla kiunoni, kutikisika kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo makatazo ya siku hizi yanahusu zaidi aina ya mwendo kuliko jasho. Kuruka kamba, mbio, mpira wa pete, zumba, mazoezi ya kukata tumbo na mikao ya yoga ya kujipinda huachwa tangu vifuko vinapoanza kukua, ambayo kwa wengi ni kuanzia siku ya tano au ya sita. Kutembea kwenye ardhi tambarare, kunyoosha misuli taratibu na kupumua kwa kina vinabaki. Baiskeli ya ndani isiyo na mkazo huruhusiwa na baadhi ya madaktari mwanzoni, mpaka tumbo linapojaa na kuinama kunapoanza kuuma.

Muuguzi alizipitia kanuni hizo pamoja na mkimbiaji baada ya kipimo.

"Dada, mbio umeacha?"

"Nimeacha, Sista."

"Kamba je, na yale mazoezi ya tumbo?"

"Vyote."

"Na Moshi?"

"Moshi nimemwachia mwenzangu namba yangu."

Muuguzi alifanya kazi yake vizuri, ila hapo pana pengo ambalo naliona katika vipeperushi vingi vya maelekezo. Vimeandikwa kana kwamba mazoezi hufanyika jimu pekee. Mkimbiaji anaishi ghorofa ya tatu, na maji yanapokatika yeye hupandisha ndoo kutoka kwenye tangi la chini. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji, zinabebwa kwa mkono mmoja, mwili ukiwa umepinda upande, ngazi baada ya ngazi. Hakuna mkufunzi wa mazoezi ambaye angempangia zoezi hilo mwanamke mwenye ovari za sentimita saba, na hakuna aliyemuuliza. Kudeki kwa kuinama, kutwanga, kufua mablanketi na kumbeba mtoto wa dada mgongoni navyo viulizwe kwa majina yake, kwa sababu mwanamke akiulizwa kama anafanya mazoezi atajibu kwamba hafanyi, naye atakuwa amesema kweli kwa jinsi anavyolielewa swali.

Jumamosi ya siku ya tisa

Mkimbiaji hakwenda Moshi. Asubuhi ya Jumamosi, hata hivyo, alikwenda na klabu yake kwa nia ya kutembea nyuma ya kundi. Walipofika darajani wenzake walianza kuimba, mdundo ukamchukua, akakimbia kilomita mbili za mwisho. Hakuhisi chochote isipokuwa uzito chini ya kitovu.

Saa nane mchana, akiwa ameketi, alishikwa na maumivu makali ya ghafla upande wa kulia chini ya tumbo, yakashuka hadi pajani, akatapika mara mbili. Mama mdogo wake aliyekuwa nyumbani alidhani ni gesi na kumpa maji ya tangawizi. Mkimbiaji alikumbuka kadi aliyopewa na kupiga simu kliniki, na hilo ndilo jambo bora alilolifanya siku hiyo. Maumivu ya ghafla ya upande mmoja yanayoambatana na kutapika, kwa mwanamke aliye kwenye sindano za kukuza mayai, yasisubiri kesho wala dawa ya nyumbani.

Alipofika hospitali maumivu yalikuwa yamepungua kwa nusu. Altrasaundi yenye kipimo cha mtiririko wa damu ilionyesha damu ikipita katika ovari zote mbili. Daktari kijana wa zamu aliona hilo linatosha kumruhusu arudi nyumbani. Daktari mwandamizi alikataa, na sababu yake ni ya kukumbukwa: kuonekana kwa mtiririko wa damu hakuondoi uwezekano wa ovari iliyojisokota, kwa kuwa inaweza kujisokota nusu, au ikajisokota na kujifungua yenyewe kisha ikarudia. Dalili za mgonjwa zina uzito kuliko picha. Mkimbiaji alilazwa usiku ule, akafungwa kula ili awe tayari kwa upasuaji, akachunguzwa tumbo kila baada ya saa chache. Kufikia alfajiri maumivu yalikuwa yamekwisha, kipimo cha pili kilikuwa kilekile, naye hakupasuliwa.

Je, mbio zile ndizo zilizomsababishia? Siwezi kuapa. Ovari za ukubwa huo hujisokota hata kwa mwanamke aliyelala akageukia upande wa pili, na kati ya mbio na maumivu zilipita saa kadhaa. Ninachoweza kusema ni kwamba mwendo ulioiyumbisha ovari na maumivu ya namna ile, siku moja, kwa mtu mmoja, vinatosha kumfanya tabibu asizungumzie bahati mbaya peke yake. Iwapo angehitaji upasuaji, ovari ingefunguliwa msokoto wake na kwa kawaida kuachwa, hata ikiwa imegeuka rangi ya zambarau, kwa sababu nyingi hurejewa na uhai. Lakini saa zikipita bila damu, matumaini hayo hupungua.

Baada ya kuvuna mayai

Kwa mwanamke mwenye vifuko vingi hivi hatari ya pili ni ovari kuchochewa kupita kiasi, ambayo hospitalini hufupishwa OHSS. Mishipa midogo ya damu huanza kuvuja maji, tumbo hujaa, damu mwilini huwa nzito, na huweza kuganda mishipani. Kinachoiwasha zaidi ni homoni ya hCG, iwe ya sindano ya kuivisha mayai au ya mimba yenyewe. Daktari alichagua sindano ya aina nyingine ya kuivisha, aliyoitoa Jumatatu usiku, akavuna mayai saa 36 baadaye, na viinitete vyote vikagandishwa badala ya kuhamishwa wiki ileile.

Mazoezi hapa yanaelezeka kwa maneno machache. Siku ya uvunaji na inayofuata ni za kupumzika, kwani kila kifuko kimetobolewa kwa sindano na dawa ya usingizi bado imo mwilini. Kuogelea, iwe baharini au kwenye bwawa, husubiri siku kadhaa kwa ajili ya vidonda vya ndani. Mbio na kuruka vinasubiri hedhi ije na ovari zinywee, kwa sababu vifuko vilivyofyonzwa hujaa tena na hatari ya kujisokota haiishi siku ya uvunaji, jambo ambalo wengi hulisahau wakidhani mayai yakishatoka ovari zimerudi zilivyokuwa.

Mkimbiaji alielekezwa ajipime uzito kila asubuhi kabla ya kunywa kitu. Kuongezeka zaidi ya kilo moja kwa siku, mkojo kupungua, tumbo kukakamaa au pumzi kukatika ni sababu za kupiga simu mara moja. Aliambiwa pia asilale kitandani kutwa nzima hata tumbo likiwa limejaa, maana damu nzito isiyotembea ndiyo inayoganda. Alitembea ndani ya nyumba kila baada ya saa moja au mbili, kutoka sebuleni hadi jikoni na kurudi.

Kitanda cha mama mkwe

Miezi miwili baadaye, ovari zikiwa zimetulia, kiinitete kimoja kiliyeyushwa na kuhamishwa. Mama mkwe alikuwa amesafiri kutoka Tanga kwa ajili hiyo. Alikuwa ametandika godoro chumbani, akaweka mito miwili ya kuinulia miguu, akatangaza kwamba mkwewe hatainuka kwa wiki mbili ila kwenda msalani. "Mwanangu," alimwambia, "mbegu ikimwagiwa ardhini haitikiswi." Alisema kwa upendo, na ni vigumu kubishana na mtu aliyesafiri na kuku wawili wa kukuandalia mchuzi.

Lakini hapa ushahidi uko wazi kuliko mahali pengine popote katika somo hili. Chama cha Marekani cha tiba ya uzazi, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, kilieleza kwamba kulala kitandani baada ya kuhamisha kiinitete hakuongezi mimba na hakupendekezwi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2013 na watafiti wa Hispania liliwagawa kwa kura wanawake 240 waliopokea viinitete vya mayai ya wafadhili. Nusu walilala dakika kumi baada ya tendo, nusu wakainuka na kuondoka. Waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 41.6 ya waliolala, na asilimia 56.7 ya walioinuka. Jaribio moja halitoshi kudai kwamba kulala kunadhuru, lakini linatosha kabisa kuondoa dhana kwamba kulala kunasaidia.

Maumbile yenyewe yanalieleza jambo hili. Mji wa mimba si mfuko ulio wazi. Kuta zake za mbele na nyuma zimegusana, na kati yake kuna ute unaonata. Kiinitete cha siku tano kina kipenyo cha moja ya tano ya milimita hivi. Mwanamke akisimama, akikohoa au akicheka hakitoki, na mtihani wa altrasaundi uliofanyiwa wanawake waliosimama mara baada ya tendo ulionyesha kwamba kiputo cha hewa kinachoingizwa pamoja na kiinitete kilibaki palepale kwa wengi wao. Mwanamke anayeshika mimba kwa njia ya kawaida naye huwa shambani, sokoni au ofisini siku ambayo kiinitete chake kinajishikiza, wala hajui.

Daktari alimpigia mama mkwe simu mwenyewe. Hakumkosoa. Alimwomba amsindikize mkwewe matembezi ya dakika ishirini au thelathini kila jioni jua likiwa limepoa, kwa mwendo wa kuzungumza, na asimruhusu kubeba ndoo. Mama alipata kazi ya kusimamia, na godoro likakunjwa. Katika siku hizo mbio, kunyanyua vizito na joto kali, kama la chumba cha mvuke, viliachwa kwa tahadhari zaidi kuliko kwa ushahidi, na mkimbiaji aliambiwa hivyo bila kufichwa. Aliambiwa pia kwamba homoni ya projesteroni aliyokuwa akiitumia huongeza joto la mwili kidogo, hulegeza misuli na kuleta uchovu, hivyo kuchoka kwake kusitafsiriwe kuwa ishara ya mimba wala ya kushindwa.

Jibu la kipimo

Kipimo cha damu kilikuwa hasi.

Mkimbiaji alirudi kliniki na swali alilokuwa amelikariri njiani: je, yale matembezi ya jioni? Mama mkwe hakusema kitu, lakini ukimya wake ulikuwa na maneno. Daktari alitumia muda mrefu katika swali hili kuliko katika jingine lolote, na alifanya vyema. Sababu ya kawaida zaidi ya kiinitete kushindwa kujishikiza au kuendelea ni kasoro ya kromosomu iliyokuwamo tangu siku zake za mwanzo, kabla hakijahamishwa, na hakuna mwendo wa miguu unaoweza kuileta wala kuiondoa. Kwa mwanamke wa umri wake theluthi moja hivi ya viinitete huwa na kasoro hizo hata vikionekana vizuri kwenye darubini. Mwanamke aliyelala wiki mbili akapata jibu hasi hajilaumu kwa kulala. Aliyetembea hujilaumu kwa kutembea. Hiyo ndiyo sababu kubwa, nadhani, inayofanya wengi wachague kitanda hata baada ya kuelezwa ukweli: kitanda hakiwapi mtoto, ila kinawapa kinga dhidi ya lawama. Kliniki inayotoa ruhusa ya kutembea bila kuzungumzia lawama mapema, mbele ya mume na mama mkwe, imefanya nusu ya kazi.

Viinitete vingine vilikuwa vimebaki kwenye jokofu la naitrojeni. Maandalizi ya kuhamisha cha pili yalipangwa kwa vidonge vya estrojeni vya kunenepesha ukuta wa mji wa mimba, bila sindano yoyote ya kukuza mayai. Altrasaundi ya mwanzo ilionyesha ovari zote mbili zimerudi chini ya sentimita nne. Kwa kuwa safari hii hazitachochewa na hazitakua, daktari aliandika kwenye kadi yake ruhusa ambayo mwezi Februari ingekuwa kosa: joging nyepesi ya dakika thelathini, mara tatu kwa wiki, kwenye njia tambarare, asubuhi mapema na baada ya kula, hadi siku moja kabla ya kuhamisha. Mkimbiaji aliisoma mara mbili, akauliza kama haijakosewa, kisha akauliza kama anaweza kujiunga tena na kundi la Jumamosi. Aliruhusiwa, kwa sharti kwamba akae nyuma pamoja na wanaotembea na wanaokimbia polepole, na kwamba mzunguko ujao ukihitaji sindano, hesabu ianze upya tangu altrasaundi ya kwanza.